Sauti ya Musa Kwenye Mashine ya Kujengea

Mwaka huu tumemsindikiza Mama Musa. Ibada ilifanyika Kangemi, kwenye ukumbi wa kanisa uliopakana na jiko lake, kabla mwili haujasafirishwa kwenda magharibi kuzikwa kando ya mwanawe. Nilikuwa nimekaa safu ya nyuma kabisa, maana mimi nikianza kulia huwa silii kidogo, ndipo mzee mmoja wa Kihindi mwenye mvi tupu akaja akaketi kando yangu bila kuuliza kama kiti kina mwenyewe. Nilimtazama mara mbili kabla ya kumjua. Alikuwa Pravin, mwajiri wangu wa kwanza. Hakunisalimu wala hakunipa pole. Aliinama akaninong'oneza, "Wambui, hatua ya pili." Hayo maneno hayana maana kwa mtu mwingine yeyote aliyekuwa mle ukumbini. Kwangu yalinirudisha mwaka 2006, kwenye Jumamosi moja ambayo nimewasimulia watu wachache sana, kwa sababu ukiisimulia vibaya inakuwa hadithi ya mizimu. Mimi siamini mizimu. Nasali Jumapili na usingizi wangu nalala wote. Lakini siku ile nilisikia nilichosikia, na sikuwa peke yangu.

Ofisi yetu ilikuwa ghorofa ya tatu upande wa River Road, juu ya duka la vipuri vya magari. Vyumba viwili na kabati moja kubwa la ukutani, basi. Ngazi zilinuka grisi, na ukiegemea ukuta unaondoka na alama yake mgongoni. Humo ndani tulikuwa tunatengeneza mfumo wa Linux kwa ajili ya wasioona: unachukua kompyuta ya mtumba, unaitia diski yetu, na mashine inamsomea mtu kila kilichoandikwa kwenye skrini, kwa Kiswahili. Programu za namna hiyo zilikuwepo tayari, lakini zilizungumza Kiingereza, na zikijaribu kusoma Kiswahili ungedhani zina kiazi cha moto mdomoni. Neno "nyanya" lilitoka kama tusi. Sisi tulitaka sauti ya mtu wa hapa. Kazi yenyewe tuliigawa hatua mbili. Hatua ya kwanza ilichukua sauti tuliyorekodi, ikaikatakata vipande vidogo vya silabi, ikatoa zao moja: faili ya sauti. Hatua ya pili ilitakiwa kulichukua zao hilo, ilitumie kutamka maneno yote ya kukaribisha na ya kuelekeza, kisha ilifunge pamoja na programu ya kusoma, kifurushi kikae tayari kuingia kwenye diski. Mtoto wa hatua ya kwanza ndiye chakula cha hatua ya pili. Ukiieleza hivyo inaonekana rahisi hata aibu kuisomea.

Sauti ilikuwa ya Musa. Musa alikuwa mwenzangu wa meza, kijana mrefu wa Kangemi ambaye hakuwahi kupita mlangoni bila kuinama hata kama mlango una nafasi. Aliingia kwenye lile kabati tulilolitandika mablanketi na trei za mayai ili kuzuia kelele, akajifungia humo akitamka ba, be, bi, bo, bu kama mtoto wa chekechea, na chini fundi wa vipuri akianza kugonga chuma ilibidi Musa atulie, jasho likimtiririka, mpaka yule bwana achoke. Tulimcheka sana. "Musa, umefika wapi?" "Niko kwa nya, nye, nyi, niacheni!" Saa saba alitoka amelowa, akafungua hotipoti ya githeri, mahindi na maharagwe, aliyofungiwa na mama yake, tukala watatu pamoja na Pravin, ambaye hakula nyama lakini githeri ya Mama Musa aliila mpaka akakwangua. Pravin akiwa ndiye bosi, alikuwa na tabia moja iliyonichekesha: akishiba anazungumza Kiswahili cha jikoni, akiwa na njaa anazungumza Kiingereza. Musa alisema huyo ni mtu wa kulishwa kwanza ndipo umwombe ruhusa. Sauti ilipokamilika, Musa aliiweka kwenye mashine ya kujengea, ile kubwa ya pembeni ambayo ndiyo iliyofunga vifurushi vyote, akaitega iwe inatusalimu kila asubuhi tukiiwasha: "Mambo watu wangu. Kazi ianze." Hatukuchoka kuisikia.

Halafu Ijumaa moja Musa alisema kichwa kinamgonga, akaomba aende nyumbani mapema. Jumatatu tukaambiwa hayupo. Homa ya uti wa mgongo, walisema. Mpaka leo sijui namna ya kuandika sentensi hiyo ikakaa sawa. Mtu alikula githeri mbele yangu Alhamisi. Nilienda nyumbani kwao nikiwa nimebeba sukari na majani ya chai kama watu wote, na nilipomkuta mama yake ameketi chini, mgongo ukutani, macho makavu, niliiweka sukari kando yake nikaketi. Tuliporudi kutoka mazishini alituita mimi na Pravin jikoni kwake, alikouzia watu chakula, tukakaa kwenye benchi ya wateja, akatuwekea chai. Hakuzunguka.

"Nasikia mko na sauti ya Musa kwa mashine."

"Ndiyo, mama," Pravin akasema.

"Muitoe. Mtu akienda, ameenda. Mimi sitaki nipite mahali nisikie mtoto wangu akiongea na watu siwajui. Nimeomba hiyo tu."

Pravin aliweka mkono kifuani. "Mama, naahidi. Hakuna mtu atamsikia tena."

"Wewe, Wambui?"

"Naahidi, mama."

Na tulikusudia. Pravin mwenyewe alifuta rekodi zote za Musa, amenipa mgongo, na niliona mabega yake yanatetemeka nikajifanya natafuta kalamu. Lakini kabla ya hapo kulikuwa na jambo moja dogo. Asubuhi ya kwanza tuliporudi kazini, Pravin aliiwasha ile mashine kubwa bila kufikiri, na chumba kizima kikajaa: "Mambo watu wangu. Kazi ianze." Nilipiga kelele. Pravin alizichomoa spika kama mtu anayezima moto, akazizungushia waya wake, akazitia kwenye droo ya chini. Hakuna aliyezitaja tena. Hakuna aliyezirudisha. Kwetu lilikuwa jambo la heshima, kama vile watu wanavyogeuza kiti cha marehemu kisikaliwe. Nikiwaeleza vijana ninaofanya nao kazi sasa wananiuliza, si mngefuta tu ile salamu? Ndiyo, tungefuta. Lakini wao hawajawahi kumsikia marehemu akiwaambia kazi ianze.

Sauti mpya ikawa yangu. Mimi ambaye nikijisikia kwenye simu nataka kujificha, niliingia kwenye kabati la Musa, kwenye mablanketi yaliyokuwa bado na harufu ya mafuta yake ya nywele, nikatamka ba, be, bi, bo, bu. Kuna siku nilifika kwa nya nikashindwa kuendelea, nikakaa humo gizani mpaka Pravin akabisha hodi. Miezi ilipita hivyo. Hatua ya kwanza ilipomalizika niliisikiliza faili kwenye kompyuta yangu ndogo, kwa visikizi, nikajisikia mimi mtupu, na ule mkwaruzo wangu wa asubuhi. Nikaridhika. Tukaendesha hatua ya pili kwenye mashine kubwa, maandishi yakateremka kwenye skrini, mwisho ikaandika kwamba kazi imekamilika bila kosa. Tukachoma diski, tukaitia kwenye kompyuta ya mtumba, nayo ikawaka vizuri. Kompyuta hizo hazikuwa na spika, na za mashine kubwa zilikuwa kwenye droo. Usione vyaelea, vyaundwa. Sisi tuliviona vinaelea, tukaridhika na macho.

Mafunzo ya kwanza yalipangwa kwenye ukumbi wa kanisa Kangemi. Mkufunzi alikuwa Mwalimu Beatrice, mwanamke asiyeona, mwenye kicheko kikubwa na fimbo nyeupe aliyoitumia zaidi kuwatandika wanafunzi wake miguuni kwa mzaha. Mama Musa ndiye aliyepewa kazi ya kupika chakula cha mchana, maana jiko lake na ukumbi viligawana ukuta mmoja wa mabati. Pravin aliniachia siku hiyo, akabaki nyumbani kwake. Nilipitia kwa Mama Musa kwanza. Alikuwa anakaanga kitunguu, amejifunga leso, na mara ya kwanza tangu msiba nilimwona ametabasamu kidogo.

"Leo ni siku yako," akasema.

"Leo utanisikia mama, hata ukiwa hapa kwa sufuria. Nimepayuka huko ndani kama chokoraa."

"Nitasikia. Enda, usiwacheleweshe."

Nikaenda. Wanafunzi walikuwa wameketi kwenye mabenchi, nyuso zimeinuliwa kuelekea mahali sauti itakapotoka. Tulikodi spika kubwa za kanisa, zile za kwaya. Mwalimu Beatrice akaniambia, "Washa basi, Wambui, tumengoja mpaka tumezeeka." Nikawasha. Mashine ikavuma, ikatafakari, kisha ukumbi mzima ukasikia: "Karibu. Bonyeza herufi yoyote uanze."

Alikuwa Musa.

Sikuelewa. Nilidhani ni masikio yangu, ni huzuni, ni njaa. Mashine ikasema tena, kwa utulivu, kama ilivyopangiwa kurudia mpaka mtu abonyeze: "Karibu. Bonyeza herufi yoyote uanze." Musa hakuwahi kuitamka sentensi hiyo maishani mwake. Alitamka ba na be na bi kabatini, akafa, na sasa alikuwa anasema jambo jipya. Wanafunzi walipiga makofi, wengine wakacheka kwa furaha, wakasema sikia, sikia vile anaongea kama jirani, na katikati ya hayo makofi mlango wa pembeni ukafunguliwa. Mama Musa alikuwa amesimama hapo na mwiko mkononi, mafuta yakidondoka sakafuni. Hakunitazama. Aliitazama spika.

"Musa?"

"Karibu," mashine ikamjibu. "Bonyeza herufi yoyote uanze."

Nilirukia waya nikauchomoa ukutani, kompyuta nusura ianguke. "Nani ameingia?" Mwalimu Beatrice akauliza. "Kuna nini? Mbona imezima?" Mama Musa alinigeukia polepole.

"Mlinidanganya."

"Mama, wallahi si—"

"Wewe ulikunywa chai yangu ukaniangalia kwa macho." Aliongea chini kabisa, na ningependa angepiga kelele. "Ulisema nitakusikia wewe."

Akarudi jikoni. Siku ya kufa nyani miti yote huteleza: hata kitunguu chake kiliungua, na moshi ukaingia ukumbini kutukohoza sote.

Nilichofikiri wakati ule nitakisema jinsi kilivyokuwa: nilifikiri Pravin ametuuza. Sauti ya Musa ilikuwa nzuri kuliko yangu, hilo kila mtu alijua, na nikajiambia huyu mtu hakufuta chochote, alinipa mgongo ili nisione, ameitia sauti ya marehemu kwa siri. Nilitoka Kangemi kwa hasira hivyohivyo, nikakatiza kuteremka bondeni na kupanda upande wa pili, mpaka Kitisuru, kwenye ile nyumba yake yenye ua wa miiba wa kei-apple na mbwa wasiopenda watu. Askari wa getini alinijua, akanifungulia. Walikuwa mezani barazani, Pravin, mkewe na mama yake mzee, wanakula chapati na dengu. Nikasimama kwenye nyasi nikafoka yote, mbele ya mama yake. Sikubakiza.

Pravin alisikiliza chapati ikiwa mkononi. Nilipofika mahali pa "Musa?" na "Karibu," aliiacha ikaanguka kwenye sahani. Rangi ilimtoka. Nimewaona watu wakisingiziwa na nimewaona watu wakifumaniwa, na uso ule haukuwa wa mmoja wa hao. Ulikuwa uso wa mtu aliyeogopa.

"Wambui, mimi nilifuta. Ile siku. Kila kitu. Hakuna sauti ya Musa duniani."

"Basi nani alikuwa anaongea pale?"

Mama yake aliuliza jambo kwa Kigujarati, Pravin akamjibu kwa maneno machache, na yule bibi akajifunika mdomo kwa ncha ya sari. Hakuna aliyemaliza chakula. Mkewe alinisukumia kikombe cha chai ya tangawizi mkononi, na nakumbuka nilikinywa chote bila kujua chai ni ya moto.

Tuliteremka mjini kwa gari lake. River Road ilikuwa imejaa watu wa Jumamosi, na sisi tukapanda zile ngazi kama watu wanaokwenda kutambua maiti. Pravin aliketi mbele ya mashine kubwa. Alifungua maagizo ya hatua ya pili, mstari kwa mstari, na mimi nilikuwa nimeinama begani pake. Zao la hatua ya kwanza lilikuwa pale, faili yangu, mpya, haijaguswa. Hatua ya pili haikuwa imeigusa kamwe. Ilikuwa inaiuliza mashine yenyewe: je, humu ndani kuna sauti ya Kiswahili? Na mashine ilikuwa inajibu ndiyo. Pravin akafuata ndiyo hiyo inatoka wapi. Akafika kwenye ile salamu ya asubuhi. Rekodi alizifuta, lakini sauti iliyokwisha kujengwa, ile Musa aliyoiweka kwa mkono wake ili itusalimu, ilikuwa imekaa ndani ya mashine muda wote, na kila kifurushi tulichofunga kilimchukua yeye. Tulizificha spika ili tusimsikie, na kwa kutomsikia hatukujua kwamba yumo. Pravin alitoa mikono kwenye kibodi akaiweka mapajani. "Hakuna mtu amedanganya," akasema. Kisha akalia, na mimi niliyemfokea mbele ya mamake nikasimama pale nikimpigapiga mgongo kama mtoto mwenye kwikwi.

Ilibidi tumweleze Mama Musa, na nilijua hatatuamini tukimwendea na maneno ya mashine. Nilimsihi aje ofisini. Alikuja Jumatatu, amevaa nguo ya kanisani, akapanda ngazi polepole akitazama mahali mwanawe alipokuwa akipita. Akaonyeshwa kabati. Aligusa blanketi moja, akaliachia. Kisha akaketi kwenye kiti cha Musa, maana hatukuwa na kingine.

"Ni kama githeri, mama," nikaanza, nikijisikia mjinga. "Sufuria ya kwanza unachemsha mahindi na maharagwe. Sufuria ya pili unakaanga kitunguu, halafu unamimina yale yamechemka."

"Eh."

"Sisi tulichemsha mapya. Mimi ndio mapya. Lakini kando ya jiko kulikuwa na sufuria ingine ya zamani, imefunikwa. Hii mashine ikikaanga, ikachota hiyo iko karibu."

"Na hamkuonja?"

"Tulionja yangu ikiwa kwa sufuria ya kwanza. Ikishapakuliwa hatukuonja."

Alifikiri. "Hiyo ya zamani nani aliiacha hapo?"

Nilimtazama Pravin. "Ni Musa mwenyewe, mama," akasema. "Alitaka itusalimie asubuhi."

Hasira niliyoiona ukumbini ilimtoka Mama Musa usoni mbele yetu, lakini kilichobaki sikukijua jina lake. Pravin alivuta droo ya chini, akatoa spika. "Kama unataka umsikie kidogo, kabla sijatoa. Ni wewe utasema."

"Hapana." Alisema haraka. "Huyo si Musa. Huyo anasema karibu. Karibu ni mimi nilikuwa namwambia, akirudi. Toa."

Pravin alinipisha. Niliandika amri mimi mwenyewe, nikaisoma tena, nikabonyeza. Haikuchukua hata pumzi. Kisha, ili mama aondoke akijua kazi imekwisha, Pravin akasema tujenge tena mbele yake, aone sauti yangu ikiingia. Tukaendesha hatua ya kwanza: sawa. Tukaendesha hatua ya pili. Maandishi yakateremka, yakasita, yakasimama. Mstari mwekundu ukatokea. Sikuwa nimewahi kuuona, kwa sababu mpaka siku ile hatukuwahi kujenga chochote bila Musa kuwamo.

Mama Musa hakusoma Kiingereza, lakini nyekundu aliijua. "Imesema nini?"

Ningeweza kumwambia ni kosa dogo, kwamba tutairekebisha kwa kuielekeza mahali zao langu lilipo, na ndivyo tulivyofanya baadaye, na tangu hapo sijawahi kufunga kifurushi kwenye mashine ambayo si tupu. Lakini aliniuliza imesema nini, na nilikuwa nimekwisha kumwahidi mambo ya kutosha.

"Inasema imetafuta sauti kila mahali, haijaiona."

Alitikisa kichwa, macho yake kwenye skrini.

"Hata mimi," akasema, na hapo, kwenye kiti cha mwanawe, mbele yetu sisi wawili, akalia kwa mara ya kwanza tangu tumzike.